Kiking Mmoja, Viking Wengi

Mwanangu wa kidato cha kwanza, marahaba. Najua hujaniamkia, ila umri wangu hauwezi kusubiri. Siku ninayotaka kukusimulia ni ya zamani, yaani muhula uliopita, ningali kijana wa kidato cha tatu.

Mwalimu Ndahani wa historia alitupanga wawili wawili tuwasilishe mada darasani. Watakaoshinda wangekwenda mashindanoni Kondoa. Mwenzangu alikuwa Zainabu, mtoto wa hukohuko Kondoa anayekaa kwa shangazi yake hapa mtaani Nkuhungu. Hakuwa amemwona mama yake tangu Januari, na alishampigia simu kumwambia kuwa atakuja na mashindano.

Mada yetu ilikuwa Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, na bandari zao za biashara. Zainabu akasoma, akaniandikia karatasi mbili. Mimi niongee tu, maana mdomo ninao. Karatasi sikuzifungua. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikasimama nikafundisha kwamba mmoja ni kiking, wengi ni viking, kama kiatu na viatu. Darasa likavunjika mbavu. Nikaongeza kuwa walikuwa majambazi wenye kofia za pembe, basi. Mwalimu hakucheka. Akauliza sarafu za fedha za Waarabu zilifikaje Birka, bandari yao ya kule kwenye baridi. Nikasema waliziiba.

“Na mizani? Wamezikwa nayo makaburini. Mwizi anapima nini?”

Nikamtazama Zainabu. Machozi yanamlengalenga, anavuta ncha ya ushungi. Mficha uchi hazai, mwanangu.

“Mwalimu, sijasoma. Aliyesoma ni huyu. Sifuri nipe mimi, Kondoa aende yeye.”

Mwalimu akaniangalia kama mbuzi aliyeingia kanisani. “Kaa. Zainabu, njoo.”

Zainabu akaeleza polepole: Waviking walishuka mito mirefu na manyoya na nta, wakarudi na fedha na shanga. Fedha ilikatwa vipande ikapimwa, kwa sababu mtu wa mbali hakujui, wala lugha yake huijui. Mtaaminiana kwa mizani. “Panga walikuwa nazo,” akasema, “ila sokoni ukiingia kwa upanga, mara ya pili hupokelewi.”

Mwalimu alipotangaza kuwa Kondoa anakwenda Zainabu, nami nimbebee chati, nilishusha pumzi mpaka kifungo cha shati kikaachia.

Basi shika hili. Utani ni chumvi, haushibishi. Mwenzako akikukabidhi jasho lake, lifungue ulisome kabla hujapanda nalo mbele za watu. Na ukiharibu, kiri mapema, palepale mbele ya waliokuchekea. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujalie mwenza atakayekusamehe kabla basi halijafika Kondoa, kama nilivyosamehewa mimi.