Mjomba Soksi na maradhi ya watoto yasiyo na kipimo

Asubuhi mapema, foleni ikiwa bado fupi, muuguzi mwanamume mwenye mabega ya kubebea magunia anavua viatu, anaviweka juu ya kabati na kukaa kwenye mkeka. Soksi yake moja ni ya kijani, nyingine ya kahawia. Mbele yake kuna vipande vya mbao vya kuchezea, wanasesere wawili walionyonyoka nywele na penseli za rangi zilizobaki vipisi.

Mtoto wa kwanza anaingia akiburutwa na mama yake. Anatazama soksi, anaangua kicheko.

"Umekosea kuvaa!"

"Nimekosea? Hebu nisaidie, ipi ndiyo yenyewe?"

Mama anafungua mdomo aeleze kilichowaleta, lakini muuguzi anamwomba kwa kiganja asubiri kidogo. Kwake, uchunguzi umeshaanza. Mtoto huyu anamtazama mtu usoni na anajibu mzaha kwa mzaha.

"Watoto ndio walionibatiza Mjomba Soksi," anasema baadaye. "Sasa hata wenzangu wamesahau jina langu. Juzi nimeitwa hivyohivyo kwenye kipaza sauti, hospitali nzima ikasikia."

Kliniki yake ya afya ya akili ya watoto ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya magodoro. Siku ikichangamka hupokea watoto hadi arobaini. Daktari bingwa yuko mmoja, na muda wake anaugawa kati ya chumba hiki na wodi ya watu wazima.

Kabla ya hapa, muuguzi huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya upasuaji. Alihamishwa kwa sababu ya upungufu wa watu, na alinuna kweli.

"Kule mguu ukivunjika, picha inakuonyesha wapi. Huku hakuna picha ya hasira, wala damu ya kupima huzuni. Una maneno ya watu tu, na hao watu wenyewe hawaelewani."

Ukimuuliza ni mtoto gani aliyemfundisha hilo, hafikirii mara mbili. Ni binti wa miaka minane ambaye wazazi wake wamekubali habari zake ziandikwe, mradi atajwe kwa jina la utani alilopewa na bibi yake: Kibibi.

Kibibi aliletwa na mama yake, msusi, baada ya shule kutishia kumsimamisha. Mwalimu wake alisema mtoto hakai kwenye dawati, anachana madaftari ya wenzake, na akikanywa anapiga. Mama naye alisema nyumbani binti analipuka kwa jambo dogo, hata kandambili ikikatika. Bibi mzaa baba, ambaye Kibibi hushinda kwake Jumapili, aliapa kwamba mjukuu wake hana neno. "Ni mpole mpaka namhurumia," alisema.

Na kliniki? Kliniki ilimwona mtoto mwingine kabisa, wa nne sasa. Aliamkia "Shikamoo, Mjomba," akakaa, akachora nyumba, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Nilijiuliza, huyu ndiye anayepiga watu?" anakumbuka muuguzi. "Sasa umwamini nani? Hakuna anayesema uongo hapo."

Maelezo ya shule ndiyo yaliyokuwa mazito zaidi. Daktari alimwona Kibibi kuwa na tatizo la kukosa utulivu na umakini, ambalo ni la kawaida kwa watoto, akamwanzishia dawa. Wiki chache baadaye mama alirudi amechoka. Darasani binti alikuwa ametulia kidogo, lakini alikuwa hali chakula na analia akiwa peke yake bafuni.

"Nilimwambia daktari, mlichonipa ni mtoto mwingine, na huyu nimemwogopa zaidi," anasimulia msusi huyo akiwa saluni kwake, vidole vikiendelea kusuka.

Hapo ndipo Mjomba Soksi na daktari walipoamua kuwaita wote watatu, mama, bibi na mwalimu, wakae chumba kimoja. Walikuwa wamewasikiliza kila mmoja kivyake, hawajawahi kuwasikia pamoja.

Hawakukaa sana kabla hakijawaka.

"Mtoto analelewa na saluni, ataachaje kuchanganyikiwa?" bibi alisema.

"Mama, nikikaa nyumbani tutakula nini?" mkwewe alijibu, akijitahidi kushusha sauti.

"Samahani, bibi," mwalimu akaingilia, "mimi niko naye kutwa. Yule hajatulia tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ya lini?" daktari akauliza.

"Mwaka huu. Mimi nimehamia pale mwaka huu."

Mama akageuka. "Mwaka huu? Mwaka jana mwalimu wake alikuwa ananisimamisha njiani kumsifu. Alikuwa kiranja wa usafi!"

Tatizo ambalo daktari alikuwa anatibu huwa linaanza kujionyesha mapema utotoni. Kumbe Kibibi alikuwa amebadilika, na hakuna hata mmoja aliyeyaona mabadiliko hayo yote. Mwalimu hakumjua alivyokuwa zamani. Mama alikuwa akirudi nyumbani jioni na kumkuta ameshachoka. Bibi aliona upole, naye alipofikiria vizuri akakiri kwamba upole wenyewe ulikuwa mpya. "Zamani alikuwa ananichosha kwa maswali," alisema. "Siku hizi anajilaza tu. Mimi nikajua amekua."

Wakati huo Kibibi alikuwa kwenye mkeka pembeni, anapanga mbao na Mjomba Soksi. Watu wazima walidhani hasikilizi. Akamwambia kwa sauti ya chini, bila kuinua macho:

"Wanagombana kwa sababu yangu. Ningekuwa sipo wangepatana."

Mkono wa muuguzi uliendelea kupanga mbao.

"Huwa unawaza hivyo?"

"Kila siku."

"Hata ukiwa unacheka?"

"Hata nikicheka, Mjomba."

Alimwambia asante kwa kumwambia, na kwamba jambo hilo ni kubwa mno kulibeba peke yake. Akamwomba ruhusa wamweleze daktari pamoja. Kibibi akafikiri, kisha akampa mkono.

Siku hiyo jina la ugonjwa likabadilika: sonona. Kwa mtu mzima mara nyingi huonekana kama huzuni, lakini mtoto anaweza kuitoa kwa hasira, fujo na kuchana madaftari. Dawa ya kwanza ilisimamishwa. Wazazi walielekezwa wasimwache peke yake, na yakaanza mazungumzo ya kila wiki, mengine na mtoto, mengine na familia nzima.

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja wiki iliyofuata akiwa amekunja uso.

"Niambie nani kamkosea mwanangu."

"Sijui, ndugu yangu," muuguzi akamjibu. "Tumeuliza kwa upole, tumechunguza. Huenda hakuna."

"Haiwezekani hakuna! Kitu hakiharibiki chenyewe."

"Mtoto si geti. Na hajaharibika, anaumwa."

Fundi akauliza swali ambalo Mjomba Soksi anasema wanaume wachache huliuliza: "Sasa mimi nifanye nini nikifika nyumbani?"

Leo Kibibi anakula, na maswali kwa bibi yamerudi. Zipo siku anaamka vibaya, na mwalimu anasema bado hatulii sana darasani. Je, yapo matatizo mawili kwa pamoja? Daktari hajakataa.

"Mtoto anakua huku unamchunguza," anasema daktari. "Nikisema nina hakika kabisa, nitakuwa nimeacha kumtazama."

Kuhusu kosa la mwanzo, hajifichi. Anasema walikuwa na haraka ya kupata jina, na wazazi nao walikuwa na kiu ya kulisikia.

Kwa sasa kliniki imetenga Alhamisi mchana kwa vikao vya aina ile: mzazi, mwalimu na yeyote anayekaa na mtoto, wote chumba kimoja. Viti havitoshi, hivyo baadhi hukaa mkekani. Mwalimu wa Kibibi huja hata siku isiyo ya Kibibi, na ameleta watoto wawili wengine. Mmoja wao alikuwa amepewa sifa ya uvivu.

Mwezi ujao Mjomba Soksi, mwenye miaka hamsini na mmoja, anaanza masomo ya jioni ya ushauri nasaha kwa watoto. Wanafunzi wenzake wengi watakuwa rika la binti yake mkubwa, ambaye tayari anamtania kuhusu begi la shule.

"Nitakaa kiti cha mbele kabisa," anasema, akimpisha mtoto mwingine mkekani. "Sikio langu la kushoto limeanza kuwa zito, na kazi yangu yote ni kusikia."