Swali la Tatu: Unasoma?

Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni mchambuzi wa shughuli za biashara, upande wa takwimu. Miezi ya kwanza pale Lodwar sikumpata mtu aliyeielewa barua hiyo, mimi mwenyewe nikiwemo. Mwenye nyumba niliyopanga aliniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu, nafanya kazi maktaba.

"Sasa biashara iko wapi?"

"Mimi nachambua tu."

"Unachambua nini? Maharagwe?"

Nikacheka kwa adabu, nikaenda kazini, nikafungua kompyuta nione hasa nachambua nini.

Ilikuwa mwaka 2012. Halmashauri ya zamani ilikuwa njiani kuvunjwa, kaunti haijazaliwa, na kila kiti cha ofisi kilikaliwa na mtu anayejiuliza kama mwaka ujao kitakuwa bado chake. Mjini watu walizungumza mafuta yaliyogunduliwa ardhini. Sisi maktaba hatukuwa na mafuta. Tulikuwa na jengo la Lodwar, lenye feni mbili na wanafunzi wengi, na chumba kimoja Kakuma, ukingoni mwa laga, mto wa mchanga unaopitisha maji mvua zikinyesha tu, ambacho wenyeji wa mji na wakimbizi kutoka kambini walikitumia pamoja. Mkuu wangu alitaka kuwakabidhi wakubwa wapya ripoti fupi yenye michoro: sehemu ipi ibaki, ipi ifungwe.

Chumba cha Kakuma kilikuwa na mkutubi mmoja, mama wa Kiturkana wa rika langu, aliyekianzisha kwa kabati moja la chuma na vitabu vilivyoachwa na watu waliofunga ofisi zao wakaondoka. Kama kingefungwa, yeye angehamishiwa Lodwar kupanga kadi, na vitabu vingemfuata kwenye magunia. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Niliona halinihusu, kwa sababu mimi ni mtu wa takwimu, na takwimu hazina upande. Nilikuwa naamini hivyo kweli. Nilikuwa nimelisomea.

Nikatunga fomu ya maswali saba. Niliitunga kwa Kiingereza, kama tulivyoandika kila kitu pale ofisini, hata barua ya kuomba sabuni ya kunawia. Mkuu akasema watu wa Kakuma wataijaza vizuri zaidi kwa Kiswahili, basi nikaitafsiri kabla chai haijapoa. Sisi tuliozaliwa Taita tunajiona tunakijua Kiswahili, na ukikaa Lodwar, ambako kila mtu anakisema jinsi kinavyomjia, unaweza hata kujivika uprofesa. Swali la tatu lilitaka kujua kama mtu anayeingia maktaba anafungua kitabu, au amekuja kwa shida nyingine, kama vile kuchaji simu au kukimbia jua. Nikaandika: Unasoma? Pembeni nikaweka visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Nilijipongeza kwa ufupi wake.

Fomu ziliporudi baada ya mwezi, nilikaa nazo siku tatu. Za Lodwar zilikuwa kama nilivyotarajia: Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Za Kakuma zilinichanganya. Watu walikuwa wengi kuliko wa Lodwar ukilinganisha na ukubwa wa chumba, walikaa saa nyingi zaidi, walirudi mara nyingi zaidi, na karibu wote walikuwa wametia tiki kwenye Hapana. Nilihesabu upya. Nikafikiri visanduku vimepishana wakati wa kuchapa, nikachukua rula nikapima. Nikafikiri mkutubi amewajazia, lakini mikono ilikuwa tofauti na rangi za kalamu zilikuwa tofauti. Mmoja alikuwa ametia tiki kwenye Hapana, halafu chini, kwenye maoni, ameandika: Naomba mlete sehemu ya pili ya kile kitabu cha kijani.

Mchambuzi mzuri angesimama hapo. Mimi niliyaweka maoni kwenye faili la maoni, nikachora mchoro. Kwenye ripoti niliandika kwamba chumba cha Kakuma kinatumika zaidi kama mahali pa kupumzikia kuliko kama maktaba. Mkuu alikipenda sana kile kipande.

"Umeona?" alisema, akigonga mchoro kwa kalamu. "Hawa wanataka kivuli. Kivuli hakihitaji mkutubi."

Wiki iliyofuata simu yangu ililia. Mkutubi hakunisalimu ejok, na huko mtu asipokusalimu ujue kuna neno.

"Wewe ndio umeandika watu yangu hawasomi?"

"Mama, sikuandika mimi. Wameandika wenyewe."

"Kuja uone na macho yako."

"Takwimu ndiyo macho, mama," nilimwambia. Ndiyo, nilisema hivyo. Alikata simu.

Nilipanda gari la ofisi siku mbili baadaye, nikimwambia mkuu kwamba naenda kuhakikisha data. Ukweli ni kwamba yule mtu wa kitabu cha kijani alikuwa hajaniondoka kichwani.

Nilimkuta mkutubi mlangoni, chini ya kibao kilichoandikwa Chumba cha Kusomea. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Ejok," alisema hatimaye. "Habari ya Kenya?" Watu wa kule hukuuliza hivyo ukitoka kusini, kana kwamba umevuka mpaka. Mimi nilikuwa nimetoka Lodwar tu, na yeye alilijua hilo.

Ndani kulikuwa na watu kama ishirini na ukimya. Kila mtu alikuwa na kitu mkononi: gazeti la majuma matatu yaliyopita, Biblia ya Kidinka, atlasi isiyo na jalada. Karibu na dirisha alikaa mama wa Kikongo, fundi cherehani wa sokoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akiwa ameinamia kitabu kinene cha ukunga cha Kifaransa. Kidole chake kilitembea mstari hadi mstari. Nilivuta kiti, nikatoa fomu.

"Samahani, mama. Unasoma?"

"Hapana, papa," alisema, akigeuza ukurasa.

"Husomi?"

"Miye siko nasoma." Kidole hakikuinuka.

"Na hiki?"

"Hiki ni kitabu."

Nilimshukuru. Nikahamia kwa mzee wa gazeti, naye akanijibu kwamba hajasoma hata siku moja, halafu akanieleza kwa kirefu habari za ukurasa wa nne. Nikahisi nimechezewa. Nikafikiri mkutubi amewapanga, lakini kama amewapanga, kwa nini wajibu jibu la kumfungia chumba? Nikakaa kwenye benchi la nyuma hadi adhuhuri, nikihesabu kurasa zinazogeuzwa, kazi ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Zilikuwa nyingi. Nikaandika: wanageuza kurasa, hawasomi. Nikaitazama sentensi yangu. Nikaona huenda ni joto.

Mkutubi aliniletea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akakaa.

"Umeona?"

"Nimeona. Sielewi. Mama, hawa wanasoma, lakini ukiwauliza wanakataa. Wanaogopa nini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Hebu nikuulize wewe. Wewe, unasoma?"

"Mimi?" Nilishangaa. "Hapana, mimi nilimaliza zamani. Nilimaliza chuo mwaka ule wa..."

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni, kikabaki hapo.

Yule mama wa Kikongo alicheka, ingawa nilidhani hasikilizi. "Na miye pia, papa! Nilisomaka zamani, nikafika mwaka ya sita, vita ikakuya. Sasa nina watoto ine. Nitasoma na nani? Nitavaa yunifomu?"

Chumba kizima kikacheka. Nilikuwa nimewauliza watu wazima, wenye kazi na wajukuu, kama wako shuleni. Walikuwa wamenijibu kwa uaminifu. Nimekisema Kiswahili tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na swali lile ningelijibu vilevile. Ilibidi niulizwe.

"Andika hiyo," mkutubi alisema. "Andika ulikosea."

Niliandika. Nilirudi Lodwar na kurasa mbili za maelezo, nikaziweka mbele ya mkuu. Alizisoma zote, mara mbili. Alikuwa mtu wa haki.

"Kwa hiyo wanasoma, lakini hawasomi," alisema.

"Hawako shuleni. Lakini wanasoma."

"Sawa. Ila ripoti imeshakwenda juu. Mchoro wameshauona. Nikiwaambia sasa kwamba namba ilikuwa na maana nyingine, wataniuliza na zile nyingine zina maana gani."

Hilo hata mimi lilinitia baridi. Akazungusha kalamu kwa muda.

"Umesema hawasomi, siyo? Kama hawasomi, basi wasomeshwe. Tutaandika kwamba kile chumba kina upungufu wa wasomaji, na dawa ni kukifanya darasa la gumbaru. Darasa halifungwi. Hakuna mtu wa kaunti atakayetaka kuonekana amefunga darasa la watu wazima."

Nilijaribu kufikiri ni wapi hoja ile ilikuwa mbovu. Kila nilipoishika sehemu moja, nyingine ilikuwa sawa.

Mwaka 2013 kaunti ilikuja, na chumba cha Kakuma hakikufungwa. Kibao kilibadilishwa. Mkutubi akaitwa mwalimu, akaletewa chaki na ubao. Mimi niliagizwa kupeleka fomu tena. Niliomba kulibadilisha swali la tatu; mkuu akakataa, akinikumbusha somo nililomfundisha mwenyewe: swali likibadilika, hutaweza kulinganisha. Fomu ziliporudi, karibu wote walikuwa wametia tiki kwenye Ndiyo. Sasa walikuwa wanasoma. Mkuu alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, na mchoro wangu mpya, wenye mstari unaopanda kama ngazi, ukabandikwa ukutani karibu na feni.

Nilikwenda Kakuma mwishoni mwa mwaka. Viti vilikuwa vimepangwa safu, vimeelekea ubao. Watu walikuwa wachache kidogo kuliko zamani. Mkutubi, mwenye chaki kwenye nyusi, alinipeleka uani.

"Chumba kipo," alisema. "Hiyo ndiyo nilitaka." Kisha akakung'uta chaki mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Asubuhi nafundisha a, e, i, o, u. Wanaandika. Wanajua kusoma wote, lakini wanaandika, ndio chumba kibaki. Alasiri nafunga ubao, wanafungua vitabu."

"Na yule mama wa ukunga?"

"Huyo alikataa. Alisema yeye si mtoto wa kukaa safu. Na asiyeandikishwa darasa hana kadi."

Nilimkuta sokoni, nyuma ya cherehani yake, chini ya turubai. Kitabu kilikuwa wazi juu ya meza, kimebanwa na mkasi. Mkutubi alikuwa akimpitishia kitabu hicho kwenye dirisha la chumba kila Ijumaa, bila kadi, bila daftari. Kwenye takwimu zangu mama huyu hakuwepo tena, na kitabu chenyewe kilikuwa kimehesabiwa kama kilichopotea.

Nilikuwa na fomu moja mkobani. Niliitoa, nikaitazama, sikujua naitaka ifanye nini. Ningeweza kumrudisha kwenye hesabu, lakini kwa kisanduku kipi? Na nikieleza kitabu kiko wapi, ningekuwa nimemchongea mkutubi kwa kosa la kuazimisha kitabu.

"Mama," nilianza.

Aliinua mkono mmoja bila kuinua macho. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa katikati ya mstari.

"Ngoja, papa. Nimalize hapa."

Nikakunja fomu, nikakaa juu ya debe, nikangoja.