Nilimwambia Muuza Mashine Kwamba Mpanda Umeme Haukatiki

Kosa ni langu. Naanza hapo hapo, maana najua mmezoea kusoma barua za watu wanaozunguka weee, halafu mwishoni wanasema shetani aliwapitia. Mimi shetani hakunipitia. Siku ile alikuwa na shughuli zake kwingine. Nilikuwepo mimi, mdomo wangu, na mashine ya umeme ya kukata karatasi.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi tunazisikia redioni tu. Mimi na wifi yangu Milembe, dada wa mume wangu, tulikuwa tunatengeneza albamu za harusi pale Kashaulili, mjini Mpanda. Mtu akishapewa picha zake na mpiga picha, anatuletea sisi. Tunazipanga kwenye kurasa nyeusi, tunazizungushia maua ya karatasi, makopa na njiwa, na juu tunabandika maneno: "Upendo Daima", "Tazama, Usichukue". Tulikata pia zile herufi za manila zinazobandikwa kwenye shuka nyuma ya maharusi.

Nikisema tulikata, najipendelea. Aliyekata ni Milembe. Alikuwa na mkasi wa cherehani, mzito, mweusi kwenye mpini. Anakunja karatasi, anakata huku anaongea habari nyingine kabisa, akikunjua unaona njiwa wanne wameshikana mabawa. Njiwa wangu mimi walikuwa wanatoka kama kanga waliopigwa mawe!

Wateja hawakuwa wajinga. Wakifika, salamu wananipa mimi, kazi wanampa Milembe. Roho ilikuwa inaniuma, jamani. Nilikuwa nacheka nao, nawaletea kiti, lakini roho inaniuma.

Kazi zilipokuwa nyingi tukakubaliana tununue mashine ya kukata. Mimi ndiye mwenye ndugu Dar, kwa hiyo nikapewa akiba yetu niende. Milembe akanisindikiza mpaka stesheni.

"Wifi," akaniambia, "ukiikuta ya mkono, chukua ya mkono. Umeme wetu wa kuomba. Mikono tunayo."

Alisema kweli. Wakati huo umeme wa mjini kwetu ulikuwa wa mtambo wa dizeli. Ukiwaka jioni mtaa mzima unashangilia. Mafuta yakichelewa, kila mtu na kibatari chake. Mtu wa Mpanda alikuwa anapiga pasi ya mkaa huku ya umeme imefunikwa kitambaa juu ya kabati, pambo.

Nikafika Kariakoo, kwenye duka moja la vifaa vya mtumba. Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ya mpini: unaweka umbo la chuma juu ya karatasi, unazungusha, ua linatoka upande wa pili. Ya pili ilikuwa ya umeme. Ina vitufe, ina kioo kidogo chenye maandishi ya kijani, unabonyeza umbo unalotaka na kisu chembamba kinatembea chenyewe. Chenyewe! Nikaona hapa ndipo Milembe na mkasi wake watakaponitambua.

Muuzaji akaniuliza, "Mama unatokea wapi?"

"Mpanda."

"Mpanda ndiyo wapi?"

Ndugu zangu, hilo swali ndilo lililoniponza. Nimesafiri kwenye treni mpaka miguu imevimba, halafu mtu ananiuliza kwetu ni wapi! Wateja wengine wawili wakageuka kunitazama na kikapu changu. Nikaona wananihesabia majani kichwani.

"Ya mkono hii ingekufaa," akasema. "Kwani huko umeme upo?"

"Umeme? Upo! Mpaka mabanda ya kuku yana taa!"

"Haukatiki?"

"Kukatika labda huku kwenu."

Wale wateja wakacheka, na mimi nikajiona nimeshinda. Muuzaji akasema, "Basi sawa. Maana hii mashine, umeme ukikatika katikati ya kazi, kabla haujarudi inabidi u…"

Nikamkatiza. "Kaka, nimeshakwambia kwetu haukatiki. Funga mzigo!"

Akafunga mzigo. Sentensi yake ikabaki Kariakoo, na mimi nikapanda treni bila hiyo sentensi.

Mpanda watu walikuja kuitazama kama wanatazama mgeni kutoka Ulaya. Na kweli ilikuwa mgeni! Maumbo yake yalikuwa ya kwao huko. Kopa lilikuwepo, nyota ilikuwepo, lakini mengine yalikuwa miti ya Krismasi, kengele, na vipande vya theluji vyenye miguu sita. Mimi sijawahi kuona theluji, ila kwa kuwa mashine ilikuwa inaikata vizuri, nikaibandika harusini ukuta mzima. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanivuta pembeni, akaniuliza kwa heshima zote kwa nini maharusi wamewekewa buibui.

Milembe alicheka mpaka akakaa chini. Nami kwa hasira nikaanza kumdharau waziwazi. Nikimwona na mkasi wake namwambia, "Wifi, bado uko enzi za mkoloni?" Siku moja nikauchukua huo mkasi nikakatia waya wa banda la kuku. Ukapata pengo. Milembe akaupapasa kwa kidole, akaufutafuta kwa upindo wa kitenge. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mke wangu, hii mashine inakula umeme au inakula akili?" Nikamjibu kwamba hajui maendeleo.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mama mkwe wangu, mama yake Milembe, aliitwa Kabula. Yeye na mzee walishuka na ng'ombe wao kutoka Usukumani wakaweka mji Kasekese, na huko huko alifariki. Katika maisha yake yote alipigwa picha moja tu. Mpiga picha wa kutembea alipita kijijini na baiskeli, akamkuta amekaa kwenye kigoda, na sijui alimwambia nini, maana kwenye picha mama anacheka, meno yote nje, na pengo lake la mbele. Milembe aliitunza kwenye sanduku, imeviringishwa kwenye khanga ya marehemu.

Binti wa kwanza wa Milembe alirithi jina la bibi yake. Naye ni Kabula. Na kwa upande wa mume wangu, binti aliyerithi jina la bibi anaagwa mbele ya bibi. Wakwe wanaonyeshwa: huyu tunayewapa ametoka kwa huyu. Bibi akiwa hayupo, basi picha yake inakuwepo.

Kabula akapata mchumba. Siku ya kumuaga ikakaribia. Milembe akaja na ile picha nyumbani kwangu, kwenye meza yetu ya kazi, akaifunua taratibu.

"Hii ni ya ukurasa wa kwanza," akaniambia. "Nitaizungushia maua mwenyewe, kwa mkono. Haikatwi, wifi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilimsikia! Sijawahi kusikia vizuri kama siku ile. Akaenda Misunkumilo kuchukua vyombo vya shughuli, akaniachia picha ya mama yake kwa sababu mimi ni wifi yake.

Jioni umeme ukawaka. Nikaitazama picha, nikaitazama mashine. Nikawaza: nikimtoa mama ndani ya kopa, safi, Milembe atanyamaza mwenyewe. Wakwe watauliza nani kafanya kazi hii ya kizungu, nami nitainama kidogo kwa unyenyekevu. Unyenyekevu nilishaufanyia mazoezi!

Nikaweka picha. Nikabonyeza kopa.

Kisu kikaanza chini, kwenye ncha, kikapanda upande wa kushoto taratibu, safi kabisa. Kikafika karibu na bega la mama. Umeme ukakatika.

Nikakaa gizani nimeshika tama, wala sina wasiwasi. Nilidhani umeme ukirudi mashine itaendelea pale ilipoishia, kama mtu anavyoendelea na ugali wake baada ya kupokea mgeni. Nilikuwa hata na muda wa kuitoa ile picha. Muda mwingi tu! Hakuna aliyeniambia niitoe. Samahani, alikuwepo aliyetaka kuniambia.

Taa zikarudi. Mtaani watoto wakapiga kelele, "Huoooo!" Mashine ikatetemeka, ikakoroma, ikarudi mbio mahali pake pa kuanzia, na kisu kimezama kwenye karatasi. Ikapita katikati ya uso wa mama mkwe wangu, kutoka sikio mpaka kidevu. Halafu ikavuta karatasi ikarudia tena, pale penye kicheko. Ilipomaliza, kwa kuwa ni mashine yenye adabu, ikaandika kwenye kioo chake kwamba iko tayari kwa kazi.

Nililia, msidhani sikulia. Lakini machozi yalipokauka, badala ya kwenda kupiga magoti mbele ya Milembe, nikaanza kutafuta wa kumsingizia.

Alipokuja asubuhi nikamwambia ni panya.

Panya! Milembe akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavipanga kwenye kiganja. "Mayu wane," akasema kwa lugha ya kwao. Mama yangu. Kisha akapitisha kidole kwenye ule mkato wa kushoto, uliopinda vizuri, laini, nusu ya kopa.

"Wifi," akaniuliza, "ni panya?"

Alikuwa ananipa nafasi, wajameni. Mlango wazi kabisa, nilichotakiwa ni kuingia tu.

"Ni panya," nikasema.

Siku ya kumuaga Kabula wakwe walijaa uani. Albamu ikaletwa, ikafunguliwa ukurasa wa kwanza. Milembe alikuwa ameviunganisha vile vipande kwa gundi, na pale palipochanika akabandika maua madogo, madogo sana, aliyoyakata kwa ule mkasi wenye pengo. Ulikuwa unaona paji la uso, mikono na kigoda. Katikati ni maua matupu.

Baba wa bwana harusi akainama kuitazama. "Huyu mama yetu kapatwa na nini usoni?"

Milembe akasimama, akafunga kitenge vizuri. "Kaliwa na panya, mzee. Panya wa kwa kaka yangu. Panya wa kisasa huyo, anatumia umeme. Walimfuata mpaka Dar na treni!"

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Mume wangu akatazama viatu vyake. Na mimi, je? Nilicheka! Nilicheka kuliko wote, napiga na makofi, kama vile habari hiyo ni ya jirani.

Kabula peke yake hakucheka. Akaifunga ile albamu, akaipakata, na hakumwonyesha tena mtu mpaka shughuli ikaisha.

Baada ya hapo Milembe akanoa mkasi wake na kufanya kazi nyumbani kwake. Wateja wakamfuata, na mimi nikabaki na theluji. Mashine ilikaa mezani, baadaye chini ya meza, baadaye ikaenda kwenye banda la kuku, na mtetea mmoja akaipenda akawa anatagia nyuma yake. Kwa hiyo ile habari ya vifaa vya umeme kwenye mabanda ya kuku ya Mpanda hatimaye ikawa ya kweli.

Miaka ilipita ndipo nikaenda kumwambia ukweli. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama.

"Nilijua asubuhi ile ile," akasema. "Picha iliniuma, lakini picha ni karatasi. Nilikungoja uniambie kabla wakwe hawajafika. Nilipepea moto siku nzima natazama mlangoni, nasema wifi atakuja sasa hivi."

Afadhali angenipiga.

Bado tunasalimiana. Kwenye misiba tunapika sufuria moja. Ila watoto wa Kabula wakiishika ile albamu na kuuliza bibi yao mkubwa alikuwaje chini ya yale maua, Milembe ananinyooshea kidole: "Muulizeni huyo. Ndiye wa mwisho kumwona." Nami nawaambia alikuwa anacheka, alikuwa na pengo la mbele. Wananiuliza pengo la upande gani. Nafungua mdomo, na jamani, sikumbuki tena. Nasema kushoto. Safari nyingine nimesikia nasema kulia.

Nyie mnaotaka mashine, nunueni, sikatazi mtu. Lakini muuzaji akikuuliza kwenu umeme upo, sema haupo. Acha wacheke! Kisha mwache amalize sentensi yake.