Kadi za Balaa

Miaka ya tisini, nikifundisha Garissa, nilijitwika kazi ya kusimamia watu kumi wa kujitolea. Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa mezani kwa ajili ya watoto wa mtaa wa Iftin: msafiri anarusha dadu na kusogea juu ya ubao wa katoni, kutoka Garissa hadi Lafey. Kila mmoja aliahidi kuniletea kadi tano za balaa, zile za kumrudisha mchezaji nyuma.

Walizileta kwa wakati, kwa mwandiko safi, na zote zikanipandisha hasira. "Gari limeharibika. Wenyeji wamekuchinjia mbuzi. Songa mbele." "Umepotea njia. Umekuta wenye ngamia, umekunywa maziwa. Songa mbele." Hata muuguzi aliyekuwa miongoni mwao, niliyemtegemea kwa ukali wake, msafiri wake aliumwa na nyoka na kupona kwenye kadi hiyo hiyo. Niliwaambia hiyo si balaa, hiyo ni harusi. Walicheka, wakaniletea nyingine kama zile.

Basi nikachukua kalamu, nikaandika yangu: "Umeomba maji, umenyimwa. Rudi mwanzo."

Siku ya kuujaribu mchezo, kadi hiyo ilimwangukia dereva mstaafu wa lori, mmoja wa wale kumi. Aliisoma mara mbili. Hakurudi mwanzo. Aliiweka chini, akafungua chupa yake ya chai, akamimina kikombe na kunisogezea mimi.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "ni wapi huko walikunyima maji?"