Rahab Hakumwacha Mtu Peke Yake

Hapa New Hope, kanisa letu la Waafrika huku Marekani, huwezi kufiwa ukabaki na huzuni yako mwenyewe. Kabla hujafuta machozi, Rahab ameshafika na sufuria ya chai na kundi la wanawake, na atalala kwenye sofa yako hata ukimsihi aondoke. Ni nesi, lakini kazi yake hasa ni hiyo. Kanisani tunamsifu. Mimi, nilipofiwa na mume wangu, alinichosha hadi nikatamani kumfungia mlango.

Binti yake, Makena, alipenda milima ya Montana, akasomea hata kozi ya maporomoko ya theluji. Machi hii aliwapeleka wazazi wake kutembea huko. Asubuhi alisoma kwenye simu kwamba hatari ya maporomoko ni ya kiwango cha tatu kati ya tano: upepo ulikuwa umerundika theluji mpya juu ya tabaka la zamani, legelege kama sukari. Akachagua njia yenye mteremko mmoja tu wa kuvuka, nao mfupi.

"Mum, tunavuka one at a time. Mimi kwanza. Wewe na Dad mniangalie kutoka kwa hii miti."

"Uende peke yako? Hizo ni tabia za Wazungu. Sisi hatuachani."

"Mum, please. Ukinifuata, weight yetu inaweza ku-break hii slope."

Jotham, mume wa Rahab, anasema mkewe alishika mti. Makena akaingia kwenye mteremko. Alipofika katikati aliteleza kidogo, akapiga goti. Basi. Mama mtu akauachia mti akamkimbilia, akiita, "Niko hapa, Makena! Nakuja!" Msichana akageuka, akapunga mikono kumrudisha.

Mteremko wote ukakatika. Ulimzoa Makena hadi bondeni, ukamwacha Rahab ukingoni, theluji magotini, bila hata mchubuko. Jotham alifuata mlio wa kifaa chake, kilichonasa ishara ya kile alichojifunga binti yake, akachimba kwa mikono na koleo. Alimkuta ameshakufa.

Sasa nyumba ya Rahab imejaa. Tumepika, tumeimba, tumetandika magodoro sebuleni. Jana alisimama mlangoni pa chumba cha Makena.

"Nawaomba mwende. Niacheni peke yangu, hata saa moja tu."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye. Nikamshika mkono, nikamrudisha kwenye sofa.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Sisi hatuachani."

Nikamwekea chai.