Karani na Neno Gharika

Karani wa baraza la Rujewa alikuwa na vidole vyenye madoa ya wino, na kila neno zito alilitamka kwa sauti kabla ya kuliandika, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mvua za mwaka hamsini na sita zilipoujaza mto hadi mashambani, Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, alimtuma tarishi kuuliza kama watu wahamishwe. Karani akaanza jibu: "Tumepatwa na gharika." Severina, mkulima wa mpunga aliyesimama mlangoni na matope hadi magotini, akashtuka.

"Bwana karani, gharika ni ile ya Nuhu, iliyoua watu. Mto wetu umefurika tu. Maji yakipungua, tunapanda."

"Na nyumba?"

"Ziko juu, kavu kabisa. Ukiandika gharika watatuhamisha. Huko mpunga tutaupanda wapi?"

Karani akatamka "gharika", akakunja uso. Akatamka "furika", midomo ikamjaa hewa, akacheka mwenyewe. Akachana karatasi, akaandika upya: "Mto umefurika, wakulima wanashukuru." Ila hakumpa tarishi barua. Alivua viatu, akakunja suruali, akamwambia Severina, "Haya mama, tangulia. Nikaone kama nimeandika kweli."