Sajini Kobe na Fundi Mtoro

Katika kitengo cha kusaka watoro wa mahakama kulikuwa na sajini mmoja wa kike ambaye wenzake walimbandika jina la Kobe. Wao walipenda ving'ora na kuruka kuta. Yeye alipenda kukaa na faili mpaka chai ipoe. "Mtu hukimbia kesi," aliwaambia, "hakimbii moyo wake."

Faili lililomkosesha raha lilikuwa la fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka sita nyuma, katika ugomvi wa karakana, alimpiga mwenzake kwa nondo, akafa. Alipopewa dhamana, akayeyuka. Mjane wa marehemu alifika kituoni kila mwezi, akauliza swali lile lile, akaondoka bila kulalamika. Ukimya ule ndio uliomuuma Kobe.

Simu za fundi zilikuwa zimekufa. Marafiki hawakujua kitu, au walijua wakameza. Kobe akaenda kwa mama mzazi wa fundi bila sare, akapokewa kwa kiti na maji.

"Kitindamimba wangu huyo. Utotoni nilimwita Tumbiri, hatulii!" Bibi alicheka, kisha akajifuta macho. Aliapa hajasikia sauti yake tangu siku aliyotoroka, na Kobe alimwamini. Lakini dirishani palikuwa na grili mpya, imesukwa maua ya chuma, kazi isiyokuwepo mtaa mzima.

"Imetoka wapi, mama?"

"Ililetwa na lori. Dereva hakusema imetoka kwa nani."

Wiki tatu Kobe alizunguka ofisi za mizigo akipekua madaftari, hadi alipokutana na jina la bibi. Mzigo ulitoka mji wa mpakani.

Huko, baada ya kupita karakana moja hadi nyingine, alimkuta mwanaume mwenye ndevu na jina jingine, ameinamia geti, cheche zikiruka. Askari wawili walijibanza mlangoni. Kobe hakutaja jina la kwenye hati. Aliita, "Tumbiri!"

Aligeuka kabla hajafikiri, uso umechangamka kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Kisha akaelewa. Akazima mashine.

"Mama mzima?"

"Mzima."

Akanyoosha mikono.

Alihukumiwa miaka kumi na miwili. Mjane alimshika Kobe mkono. Kazini walimpigia makofi. Yeye alipanda basi kwenda kwa bibi, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Jina lile la utotoni nilikutajia ukiwa mgeni wangu."

"Ndiyo, mama."

"Mahakama imemaliza yake. Mimi na wewe bado."

Kobe alikaa pale hadi bibi alipotoka kuanua nguo, naye akainuka, akashika ncha ya pili ya shuka.